Mahari Ndani ya Mashini

Wote mlioniombea juma lililopita, aksanti sana, lakini mlichelewa. Nilikuwa nimeshaingia, na miguu yote miwili.

Kwa aliyekosa gazeti: mimi ni Cadette wa Wamaza, mpiga fotokopi. Zacharie, fundi wa pampu kwenye shimo la dhahabu karibu na Salamabila, amenichumbia. Baba yake, Papa Lukumani, mwalimu mstaafu, alileta mahari. Baba yangu akaniambia niitunze ndani ya simu mpaka siku ya ndoa, maana kwetu mahari haiguswi kabla ya harusi.

Mimi nikaigusa. Niliitoa yote, mpaka na thamani ya mbuzi wa mama, nikaiweka kwenye soko la bitikoini, ng'ambo huko.

Mama mmoja wa Kasongo amemwandikia mhariri akiuliza kama nilikuwa na njaa. Hapana, mama. Siku hiyo nilikuwa nimekula bugali na sombe, majani ya muhogo, nikashiba hadi nikalegeza mkanda. Utamu wa faida ndio ulionituma. Ninalisema wazi ili usiitupe huruma yako bure.

Sasa niwaeleze soko lenyewe? Nitawaeleza kama binamu yangu Aristote alivyonieleza mimi, na yeye alisomea kompyuta pale Kasongo. Hununui bitikoini yenyewe. Unashika mkataba juu ya bei yake, na mahari yako inakaa sokoni kama dhamana. Bei ikipanda, unacheka. Ikishuka, dhamana inaliwa polepole.

Mama Nabintu, mwenye shimo, ambaye wachimbaji wote wanamwita Mama PDG, yaani bosi mkuu, alielewa kabla yangu, ingawa nilimpa kama hadithi tu, bila kutaja mahari.

"Hiyo njo kazi yetu!" alisema. "Miye nakulaka franga ya mutu ju ya dhahabu iko bado chini. Tofauti iko wapi?"

Tofauti, Mama PDG, iko kwenye kitu ambacho Aristote anakiita levier. Aliiweka mara ishirini. Yaani kwa mahari moja tulishika mkataba wa mahari ishirini. Bei ikipanda kidogo, unapata kikubwa. Ikishuka sehemu tano tu katika mia, mashini ya soko inameza dhamana yote, na haikupigii hata simu ya pole.

Ndiyo maana Aristote aliandika roboti.

Msiwaze mtu wa chuma. Ni maandishi tu, ndani ya kompyuta kuukuu ambayo betri yake ilikufa zamani. Kila sekunde roboti inaiuliza mashini ya soko, "Bei ni ngapi?" Swali linapanda kwa antena ya setilaiti iliyo juu ya bati letu, jibu linashuka kwa njia hiyo hiyo. Bei ikianguka hadi mstari tuliouchora, roboti inatuma amri: uza, tutoke, tupoteze kidogo tukalale.

"Kwa nini hiyo amri tusiiache kule kule sokoni?" nilimwuliza. "Wakae nayo wenyewe."

Aristote akanitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini mbuzi hasomi, ingawa mimi ndiye yaya wake, yaani mkubwa wake kwa umri.

"Yaya Cadette, wakiona mustari wetu, watatuwinda! Watasukuma bei mupaka pale, watule. Acha mustari ikae huku kwetu, mu mashini yetu. Ni siri."

Nikamsifu. Mbele ya watu. Nilimwita injinia.

Kwa hiyo mahari yangu ilining'inia juu ya vitu vitatu: kompyuta isiyo na betri, antena juu ya bati, na umeme wa jenereta ya Mama PDG. Mtandao wa simu tulishausahau, mnara ulikuwa umekosa mafuta tangu Jumatatu. Na jenereta hiyo ilikuwa na kigeuzi kimoja tu cha fimbo ya chuma, kimefungwa kwenye mti. Juu, umeme unakuja nyumbani kwetu, hatua chache kutoka shimoni. Chini, unakwenda kwenye pampu ya shimo. Pande zote mbili kwa pamoja haiwezekani, jenereta inakohoa na kufa.

Mlinzi wa kigeuzi hicho alikuwa nani? Zacharie wangu, na hakujua chochote. Alidhani umeme ni wa fotokopi.

Alhamisi, saa nne asubuhi. Shimo kavu, kigeuzi juu, jua safi. Papa Lukumani alikuwa amefika kwa pikipiki tangu asubuhi kupanga tarehe ya ndoa, na Mama PDG alikuwa amemkalisha kwenye kivuli cha turubai na sahani mbele yake. Mimi nilikuwa nikijifanya napiga fotokopi.

"Yaya! Kuja uone!"

Nikaruka. Kwenye kioo, mstari wa bei ulikuwa unapanda ngazi. Ngazi moja. Ngazi mbili. Aristote alikuwa amesimama juu ya kiti. Mahari ilikuwa imeshaongezeka nusu yake, na bado ilikuwa inakwenda.

Ndugu wasomaji, furaha ya namna hiyo haikai kifuani. Nilitoka nje mbio, nikapanda juu ya jiwe, nikainua mikono, nikapiga kelele kwa nguvu zote alizonipa Mungu:

"INAPANDA! INAPANDAAA!"

Mliowahi kukaa kwenye machimbo mmeshashika kichwa. Na mna haki.

Kwenye shimo, neno hilo likisemwa peke yake lina maana moja tu. Hakuna anayeuliza ni nini kinachopanda. Ni maji.

Chini nikasikia sauti: "Maji! Maji inapanda!" Kisha nyingine, na nyingine. Watu kumi na wanne wakatoka ndani ya shimo lile kama kumbikumbi, wamejaa matope, wengine wameacha sururu, mmoja ameacha suruali. Akatoka wa mwisho, akahesabu wenzake, akaanza kusali.

Na Zacharie, mwanaume mwaminifu, fundi ambaye hajawahi kuchelewa hata sekunde tatu, akaruka hadi kwenye mti na kuvuta kigeuzi chini.

Pampu ikanguruma. Nyuma yangu, ndani ya nyumba, kila kitu kikanyamaza. Kisha nikamsikia Aristote akilia kwa jina la mama yake.

"Zacharie!" Nilimfikia nikihema. "Rudisha juu! Rudisha!"

"Uko na wazimu? Maji inapanda!"

"Hakuna maji!"

"Nani alisema hakuna? Niliisikia kwa masikio yangu. Mutu alilia 'inapanda'."

"Ni miye nililia!"

"Basi njo weye uliona maji. Aksanti, Cadette. Umeponesha watu kumi na nne." Akanishika bega, macho yamemjaa machozi. "Muke wa namna hii sitapata mwengine."

Wachimbaji walinizunguka. Mmoja alinipa mkono, mwingine akanibusu paji la uso na kuniachia matope. Yule asiye na suruali alinishukuru kwa mbali.

Mama PDG akafika, mikono kiunoni.

"Mutu asiguse ile fimbo," alisema. "Pampu ivute mupaka miye mwenyewe nione chini."

"Mama PDG, shimo iko kavu!"

"Kama iko kavu, uliliaka ju ya nini?"

Hapo nilikuwa na njia mbili. Kusema ukweli mbele ya mchumba wangu, au kusema uongo mzuri. Nikachagua uongo, na ukatoka mbaya.

"Niko na fotokopi ya parokia. Ya haraka."

"Haraka kupita roho za batu?"

Pampu ilikuwa inavuta hewa na kutapika matope makavu. Ng'ambo kule, mashini ya soko haikuwa na habari za kigeuzi wala za Mama PDG. Ilikuwa inaendelea kuhesabu bei, sekunde kwa sekunde, na sisi hatukuwepo. Ile amri yetu ya kutoka, ile siri yetu, ilikuwa imelala ndani ya kompyuta iliyozimika. Bei ingeanguka, hakuna ambaye angeuza. Nani angeuza? Injinia alikuwa amekaa chini akijipiga magoti.

Nikamvuta Zacharie pembeni, nyuma ya mapipa ya mafuta. Na bado, nisamehewe, kicheko kilikuwa kinanipanda kooni.

"Zacharie. Nisikilize. Usilie, usipige mutu. Mahari iko mu ile mashini."

"Mashini gani?"

"Kompyuta ya Aristote. Mahari yote. Iko mule ndani."

Nikangoja ghadhabu. Badala yake akatabasamu polepole, tabasamu la mtu aliyegundua kwamba anaoa mwerevu.

"Cadette! Uliificha mule? Mu kompyuta?" Akapiga makofi. "Muizi hawezi kuwaza pale! Na miye nilikuwa nawaza uliiweka mu mufuko wa chumvi sawa na mama yangu."

"Hapana, Zacharie, haiko namna ile..."

Lakini alikuwa ameshaondoka. Nilidhani anakwenda kwenye kigeuzi. Alikwenda kwenye sanduku lake la vyombo. Nikamwona akiingia nyumbani kwetu na bisibisi mkononi.

Kelele za Aristote zilisikika mpaka kwenye turubai la Papa Lukumani.

Nilipoingia, Zacharie alikuwa ameshafungua skrubu tatu za kifuniko cha chini. Aristote alikuwa amelala juu ya kompyuta kwa tumbo, mikono imeikumbatia, miguu inapiga hewa.

"Toka, bwana mudogo," Zacharie alikuwa anasema kwa upole. "Nataka nihesabu tu. Kama panya iliingia?"

"Yaya! Anapasua mashini!"

"Zacharie, acha! Haiko karatasi! Ni franga ya mu soko! Iko ng'ambo! Mashini ni dirisha tu!"

Akasimama na bisibisi yake. Akamtazama Aristote. Akanitazama mimi.

"Iko ng'ambo ao iko mule?"

"Iko ng'ambo. Lakini bila umeme, hatuwezi kujua kama iko bado."

Nikamwambia yote, kwa pumzi moja, soko na dhamana na levier na mstari wa siri. Nilipomaliza, alikuwa mweupe kama unga wa muhogo. Lakini fundi ni fundi. Hakuuliza kwa nini nilimdanganya. Aliuliza kitu kingine.

"Aristote. Amri ya kutoka uliiweka mu mashini yenye kukosa betri?"

"Ndiyo."

"Juu ya jenereta yenye kuwa na pampu?"

"Ndiyo, yaya Zacharie."

"Na wanakuita injinia."

Akatoka, akamwendea Mama PDG, na sijui alimwambia nini mpaka leo. Najua tu kwamba alimshika mkono, akamshusha mwenyewe kwa kamba hadi chini ya shimo, na nikasikia sauti ya Mama PDG ikitoka ardhini:

"Kavu! Iko kavu sawa mukate ya jana! Mulete huyo mutoto muke nimupige!"

Kigeuzi kikapanda juu. Dakika arobaini na moja zilikuwa zimepita.

Mnajua kompyuta kuukuu inavyowaka? Kwanza inafikiri. Kisha inapiga mlio. Kisha inakumbuka kwamba ilizimwa vibaya na inataka kujikagua. Antena nayo ilikuwa inazungusha taa yake ikitafuta setilaiti yake mbinguni. Tulikuwa watatu mbele ya kioo kimoja. Zacharie alikuwa ameshika kiti, Aristote alikuwa amefumba macho, na mimi nilikuwa nimemshika Zacharie.

"Soma weye," alisema Aristote. "Miye siwezi."

Nikasoma.

Kwanza niliona shimo. Bei ilikuwa imeanguka mara tu baada ya sisi kuzimika, ikaanguka tena, ikapita mstari wetu wa siri kana kwamba haupo. Roboti ingekuwa macho, ingeuza pale pale, na robo ya mahari ingekwenda. Bei ikaendelea kushuka mpaka karibu kabisa na pale ambapo soko linameza kila kitu. Ukucha mmoja tu ulibaki.

Kisha ikageuka, ikapanda. Na hapa sina neno jingine ila lile lile lililoniponza.

"Ina..." nikaanza.

Zacharie akaniziba mdomo kwa mkono wenye mafuta.

Mahari ilikuwa imekuwa mara mbili na nusu.

"Uza!" nilisema kupitia vidole vyake. Aristote akabonyeza. Mkataba ukafungwa, faida ikawa yetu, na hakuna bei duniani iliyoweza tena kutugusa. Tulicheza, jamani. Zacharie alivua buti akacheza peku. Aristote alicheza na antena, yaani alitoka nje akawa anaipigia saluti. Mama PDG alikuja na fimbo ya kunipiga, akauliza kuna nini, nikamwambia nitamnunulia pampu mpya na jenereta ya pili, na fimbo ile ile akaigeuza ya kuchezea.

"Sasa toa," alisema Zacharie. "Rudisha kwa simu leo leo. Isilale ng'ambo tena."

Nikachukua simu yangu, iliyoungana na antena, nikafungua akaunti, nikabonyeza kutoa. Soko likajibu kwa adabu kubwa: kiasi ni kikubwa, mwenye akaunti aonyeshe uso wake mbele ya kamera. Dakika kumi, la sivyo akaunti itafungwa.

"Basi onyesha," alisema Zacharie.

Sikuonyesha.

Ndugu wasomaji, kuna jambo ambalo sikuwaambia majuma haya yote, na wengine wenu mtakasirika. Siku ya kufungua akaunti, soko liliomba picha ya kadi ya utambulisho. Kadi yangu ya mpiga kura imefutika, uso wangu pale ni kivuli. Lakini nilikuwa na fotokopi moja safi sana, ya kadi ya mtu aliyekuja kwetu na mahari na kuniomba nakala mbili. Nilipiga tatu.

"Cadette," alisema Zacharie. "Akaunti iko kwa jina ya nani?"

Nikaelekeza kidole kwenye turubai. Papa Lukumani alikuwa anamalizia mfupa wa kuku.

"Ya papa?" Sauti yake ilipotea. "Papa wangu?"

"Dakika nane," alisema Aristote.

Nilipiga magoti mbele ya mzee. Bibi yangu alinifundisha kwamba mkwe hatazamwi machoni, basi niliinamisha kichwa na kuinua simu kwa mkono, upande.

"Papa, samahani. Tunaomba utazame hii simu. Ni ju ya ndoa."

"Ni picha?"

"Sawa na picha, Papa."

Akafuta midomo, akafunga kifungo cha shati. Mtu mwema kabisa. Simu ikasema haioni uso. Aristote akachungulia: nilikuwa nimelenga sikio. Nikasogeza, nikalenga kuku.

"Yaya, mutazame tu!"

"Siwezi! Ni mukwe!"

"Dakika tano!"

Papa Lukumani akacheka, akanishika mkono na kuuweka sawa yeye mwenyewe. Simu ikamwambia ageuke kushoto, akageuka. Kulia, akageuka. Fumba macho, fumbua. Alifanya yote kwa makini, kama anayesahihisha mitihani. Kioo kikawa cha kijani. Zacharie akapiga goti na kumshukuru Mungu.

Lakini mtu aliyefundisha kusoma miaka thelathini hawezi kuona maandishi asiyasome. Alinitoa simu mkononi taratibu, akavaa miwani.

"Karibu, Lukumani," alisoma. Akashusha kidole. Akasoma namba, akarudia. "Hii jina ni yangu."

"Ndiyo, Papa."

"Na hii franga?"

"Ni mahari, Papa. Na watoto yake."

"Mahari yenye nilitoa kwenu."

"Ndiyo, Papa."

"Baba yako anajua?"

"Hapana, Papa."

Akavua miwani. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa na uso wa mwalimu aliyepata jibu la hesabu ambalo hakulipenda, lakini ndilo jibu.

"Binti, miye sikuomba. Sikufukuza mutu. Lakini mahari iko kwa jina yangu, yote, na nimeipokea kwa uso wangu, mbele ya watu." Akamtazama Mama PDG, na wale kumi na wanne waliokuwa wamesogea. "Mahari ikirudia mwenye kuitoa, ndoa imekufa. Baba yako atakuambia vile vile. Sheria hiyo nilizaliwa nikaikuta."

Akaiweka simu yangu kwenye mfuko wa shati.

"Zacharie, mwanangu. Vaa viatu, twende."

Zacharie alinitazama. Kisha akainama, akaanza kutafuta buti zake.